Marudio Kumi na Saba

Kaka yangu ni fundi cherehani, na tangu nimjue, yaani maisha yangu yote, amekuwa akidai kwamba akimpima mtu mabega tu, anajua kabila lake. Watu wa mlimani, ambao ndio sisi, eti mabega yetu yamekaa sawa kama rafu ya duka. Watu wa bondeni mabega yao huteremka. Ukimtajia mtu wa mlimani mwenye mabega yaliyoteremka, atakwambia huyo alibeba mizigo sana utotoni. Ukimtajia mtu wa bondeni mwenye mabega sawa, basi huyo ana fundi mzuri. Hashikiki.

Mimi ni mdogo wake, wa pili na wa mwisho kwa mama yetu, na kazi yangu pia ni kupima watu, ila sihitaji futi. Nafanya kazi kwenye maabara ya vinasaba ya chuo, ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha yasiyofunguka na mafriji yanayonguruma kutwa. Kaka huniita Daktari wa Mate. Hajakosea sana, kwa sababu kazi yetu huanza na mate: tunampa mtu kijiti chenye pamba, anakisugua ndani ya shavu, tunakitia kwenye kichupa chenye namba, tunamshukuru, anakwenda zake.

Ninachopima nitakieleza mara moja tu, maana kimeshanichosha kukieleza kwenye harusi na misiba. Ndani ya vinasaba vya kila mtu kuna sehemu ambapo maandishi yanajirudia, kineno kifupi kile kile, tena na tena, kama mtu mwenye kigugumizi aliyenasa kwenye silabi moja. Mmoja kinajirudia mara kumi na mbili, mwingine mara kumi na tano. Kuwa na marudio mengi au machache hakukupi urefu, wala akili, wala mabega. Kila mtu ana hesabu mbili katika kila sehemu, moja ameipata kwa mama na moja kwa baba. Sisi tunachagua sehemu kadhaa za namna hiyo, tunahesabu, kisha tunalinganisha makundi ya watu: hesabu ipi imezidi huku, ipi imezidi kule. Tofauti huwa ndogo, na ni za wingi tu. Hesabu yoyote utakayoikuta huku, na kule utaikuta. Mtu akiniuliza, "Kwa hiyo ukinipima utaniambia mimi ni kabila gani?" huwa namuuliza kama yeye mwenyewe amesahau.

Mwaka huo tulikuwa na utafiti mdogo wa makundi mawili, watu wa mlimani na watu wa bondeni. Masharti yalikuwa mawili: babu zako na bibi zako wote wanne wawe wa kundi hilo, na kila familia itoe mtu mmoja tu. Kaka aliposikia, hakungoja kuitwa. Alikuja amevaa suti, akasugua shavu lake mpaka nikadhani atalitoboa. "Chukueni ya kutosha," alimwambia mwenzangu. "Msije mkasema mlimani kulikuwa na ukame."

Mimi sikushiriki. Mtu mmoja wa familia anatosha, na isitoshe watu wa maabara hatujiingizi kwenye utafiti wetu wenyewe. Hata hivyo mate yetu sisi wafanyakazi yalishapimwa zamani na hesabu zetu zimo kwenye kompyuta. Sababu ni usafi. Mmoja wetu akiipigia sampuli chafya, hesabu zake zitajitokeza mahali pasipo pake, na atajulikana.

Matokeo ya kwanza yalipotoka, Mkuu wetu wa maabara aliitwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio. Mkuu ni mtu mpole, huvaa sweta hata kwenye joto, lakini akishapewa kipaza sauti anachangamka kupita kiasi. Alieleza vizuri, haraka haraka. Mtangazaji akambana atoe mfano. Akasema kuna sehemu moja ambayo marudio kumi na saba yameonekana zaidi kwa watu wa mlimani: katika kila hesabu mia, kama thelathini huku na kama ishirini kule. Akaongeza kwamba hilo halisemi lolote kuhusu mtu mmoja mmoja. Hilo la mwisho kaka hakulisikia, kwa sababu alikuwa ameshaanza tena kupiga cherehani.

Kuanzia asubuhi ile kumi na saba ikawa mali yetu. Aliwaambia wateja wakiwa wamenyoosha mikono wapimwe, hawana pa kukimbilia. Alimwambia muuza vitambaa. Nilipopita dukani kwake, chumba cha mbele cha nyumba yake, alinipokea kwa kuinyoosha futi hewani. "Kumi na saba," alisema, kama vile askari anayetoa neno la siri. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe katika sehemu ile ninazo mbili, kumi na saba kwa kumi na saba. Angeniweka dirishani pamoja na nguo za mfano.

Ingekuwa majigambo tu, ningecheka nikanyamaza. Lakini kaka ana binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na binti huyo alikuwa anataka kuolewa na mwokaji mikate ambaye ni mtu wa bondeni, baba na mama. Jambo hilo lilikuwa limekaa mezani kwao kwa muda mrefu. Mwanzoni kaka alinuna, kisha akawa anasema, "Tutaona," na wifi yangu, anayemjua kuliko anavyojijua, akaniambia kwamba kwa mumewe "tutaona" ni ndiyo inayoona haya. Halafu ikaja redio. Akakataa katakata. Tena alikataa kwa furaha, kama mtu aliyeondolewa mzigo wa kufikiri.

"Si mimi ninayesema," alimwambia mkewe. "Mimi ningekubali. Mashine ndiyo imesema ni watu mbali."

Mpwa wangu, yaani binti huyo, alinifuata kazini siku ya Jumatatu, saa ya chakula cha mchana. Tulikaa kwenye benchi la korido, chini ya picha ya mtu anayenawa mikono. Alikuwa bado ana chaki kwenye mkono wa blauzi.

"Shangazi, hiyo kumi na saba ni kweli?"

"Ni kweli imeonekana, lakini kama nilivyo..."

"Usinipige chenga. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, na haina maana anayoipa baba yako."

Akakung'uta ile chaki polepole. "Jumapili wazazi wake wanakuja nyumbani. Baba amesema hataki kuwakatalia kwa kutuma mtu, atawaambia mwenyewe, usoni, sebuleni. Kwamba imethibitishwa. Shangazi, akiwaambia hivyo ndiyo basi. Wale ni watu wa heshima zao, hawatarudi. Na yeye hawezi kunioa wakati wazazi wake wametukanwa kwetu. Na mimi siwezi kuolewa baba akiwa amenipa mgongo." Alisema yote hayo bila machozi, na ndiyo maana yaliniuma. "Wewe ndiye mtu pekee ambaye baba anamsikiliza."

"Baba yako hajanisikiliza tangu nizaliwe."

"Basi aanze wiki hii."

Nikamwahidi kwamba nitasema na baba yake kabla ya Jumapili, bila kujua nitasema nini. Yote niliyokuwa nayo nilishayasema. Nilikuwa nimemwambia kaka kwamba tofauti yenyewe ni ndogo, akanijibu kwamba hata tundu la sindano ni dogo. Nilimwambia kwamba watu wa bondeni nao wanazo kumi na saba, akasema hao wameazima. Nampenda sana kaka yangu, na wiki ile nilitamani kumfunga futi mdomoni.

Kesho yake nilikuwa na kazi ya kuchosha. Makala ya utafiti ilikuwa karibu kupelekwa, na kabla ya kupelekwa ni lazima sampuli zote zilinganishwe na hesabu za wafanyakazi, moja baada ya nyingine, kuhakikisha hakuna aliyezichafua. Kompyuta hulinganisha yenyewe, mimi huangalia tu inapopiga kelele. Nilikuwa na chai yangu pembeni. Sampuli za mlimani zikapita zote kimya. Nikaingia za bondeni, na katikati yao kompyuta ikasimama na kuniandikia namba yangu mimi.

Kwanza nilijilaumu. Nikadhani nimechafua. Nikafungua michoro yenyewe, ile minara inayosimama juu ya kila hesabu, nikaanza kuisoma sehemu kwa sehemu. Kama ningekuwa nimeichafua, ningeona minara mitatu au minne mahali panapotakiwa miwili, mtu mmoja amesimama juu ya mwingine. Haikuwa hivyo. Sampuli ilikuwa safi, ya mtu mmoja mzima. Sehemu ya kwanza hesabu zake zote mbili zilikuwa zangu. Ya pili moja yake ilikuwa yangu. Ya tatu zote mbili. Ya nne hakuna. Ya tano moja. Nikaendelea mpaka mwisho, polepole zaidi, maana mpangilio huo naujua. Ni wa watu waliotoka tumbo moja kwa baba mmoja.

Na mimi ndugu wa namna hiyo ninaye mmoja tu.

Nitasema ukweli kwamba kwa muda mfupi nilimfikiria mama, marehemu, vibaya. Nilijiuliza kama alizaa mtoto mwingine akampeleka bondeni, na baba akanyamaza. Nikaona aibu hata kabla sijamaliza kujiuliza. Ndipo nikakumbuka kitu cha kawaida kabisa: kaka yangu alikuwamo kwenye utafiti huu, upande wa mlimani. Basi upande wa mlimani angekuwapo mtu wa namna hiyo hiyo. Kompyuta ilikuwa imepita mlimani kote bila kukohoa. Mlimani hakukuwa na mtu wa kwetu hata mmoja.

Kaka yangu, mwenye mabega ya rafu, alikuwa amekaa raha mustarehe katikati ya watu wa bondeni.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akaja kuniangalia. Huyu mwenzangu ndiye mtaalamu wa mashine, na tunamwita Spiriti kwa sababu hawezi kupita karibu na kitu bila kukipangusa kwa spiriti. Meza, kalamu, kitasa cha mlango. Siku moja alipangusa chungwa langu. Nikamwonyesha skrini. Alitazama, akatazama tena, akakaa chini taratibu.

"Trei," alisema.

Sampuli huingia kwenye mashine zikiwa kwenye trei ndogo ya plastiki, ya ukubwa wa kiganja, yenye vijishimo vilivyopangwa kwa mistari, kila kijishimo mtu mmoja. Tulikuwa tumewapanga watu wa mlimani nusu ya kushoto na watu wa bondeni nusu ya kulia, idadi sawa. Kwa kawaida trei huwa imekatwa kona moja, ili ujue ipi ni mbele. Zile za mwaka huo hazikukatwa, kwa hiyo tulikuwa tukitia alama ya wino kwenye kona. Kwenye kijishimo cha kwanza kabisa na cha mwisho kabisa huwa tunaweka maji matupu, kuhakikisha mashine haioni watu pasipo na watu. Kumbe maji hayo ndiyo yaliyotuponza, maana trei ukiigeuza nyuma mbele, maji yanaangukia juu ya maji, mashine inaridhika, na mlima mzima unahamia bondeni.

"Ile alama ya wino," nilimuuliza Spiriti, "nani aliifuta?"

Hakuwa na haja ya kujibu. Alikuwa ameshika kitambaa mkononi wakati ule ule. Maskini alikiweka mezani, akakisogeza mbali naye kidogo.

Tulikwenda kwa Mkuu wote wawili. Nilimwambia kwamba kati ya watu wa bondeni yumo ndugu yangu wa damu, na ndugu yangu wa damu alikuja kutoa mate kwa ajili ya mlimani. Mkuu alivuta mikono ya sweta yake mpaka ikafunika vidole. Alikuwa anaiwaza redio, nilimwona.

"Tunaweza kugeuza majina kwenye kompyuta," alisema. "Huku kuwe kule. Dakika kumi."

"Na tukiwa tumekosea tena?"

"Wewe una uhakika."

"Nina uhakika na kaka yangu. Hao wengine si kaka zangu."

Alikunja mikono ya sweta, kisha akaitikia kwa kichwa. Kwa hilo nitamheshimu daima. Tukatoa vichupa kwenye friji, tukarudia kazi yote upya, safari hii Spiriti akikata kona ya trei kwa mkasi, kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa asubuhi tukawa na jibu. Kaka alikuwa amerudi mlimani. Na kumi na saba, ile thelathini katika mia, ilikuwa ya watu wa bondeni. Sisi ndio tuliokuwa na ishirini.

Mkuu alirudi redioni siku ile ile, akakiri kosa kwa sauti ya kawaida, bila kutia chumvi na bila kumtaja Spiriti. Walimpa nafasi ndogo baada ya matangazo ya biashara. Hakuna msikilizaji aliyepiga simu. Kaka alikuwa ametoka kwenda kununua bitana.

Nilikwenda kwake Jumamosi mchana. Nilimkuta anapiga pasi suruali, futi shingoni. Wifi alikuwa sebuleni nyuma ya pazia anapanga viti vya wageni wa kesho, na nilijua kwamba masikio yake yako huku. Nikamweleza kaka kila kitu: trei, kona, maji, spiriti. Ila jinsi nilivyogundua, nilisema tu kwamba tuligundua. Wakati tunawachukua watu mate tuliwaahidi kwamba hesabu ya mtu haitatoka nje, hata kwa ndugu yake, hata kwake mwenyewe. Yake nilikuwa nimeiona bila kutaka. Sikuitaja siku ile, na wala hapa sitaitaja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika hata kidogo. Aliinua pasi, akaisimamisha pembeni.

"Kwa hiyo kumi na saba ni ya bondeni."

"Imezidi bondeni."

"Haya. Wao wana yao, sisi tuna yetu. Si bado ni watu mbali tu? Kesho nitawaambia vile vile."

Alikuwa ameigeuza kama kola iliyochakaa, ndani nje, akaivaa tena, wala haikumbana popote. Nikaelewa kwamba ningemletea hesabu yoyote duniani, angeishonea koti lile lile.

"Kaka," nilimwambia, "mimi ninazo."

"Unazo nini?"

"Kumi na saba. Sehemu ile ile. Hesabu zangu mimi ni zangu, naweza kumwambia ninayemtaka. Ninazo mbili."

Alinitazama, akatafuta kama namtania. "Mbili vipi?"

"Moja alinipa mama. Moja alinipa baba. Hakuna njia nyingine ya kuzipata."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Nje pikipiki ilipita na kelele zake, na nyuma ya pazia viti viliacha kusogea.

"Mama," alisema. Kisha baada ya muda, "Na baba." Baba yetu ndiye aliyemfundisha habari za mabega. "Na mimi je?"

"Yako siwezi kukwambia."

"Mimi ni kaka yako."

"Ndiyo maana. Niliahidi."

"Uliniahidi mimi. Basi mimi nimekusamehe hiyo ahadi."

"Haisameheki hivyo, kaka. Ni ya wote."

Aliushika mkasi wake, akaurudisha. Aliponiuliza tena, alizungumza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea. "Kwa hiyo sisi ni watu wa bondeni?"

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Juu ya rafu yake kuna makopo mawili ya vifungo, jekundu na la bluu, ya tangu tukiwa wadogo. Niliyashusha yote mawili, nikageuka nikampa mgongo, nikatoa kifungo kimoja, nikamwekea mbele yake juu ya ile suruali.

"Hiki nimekitoa kopo lipi?"

Akakichukua. Vifungo ni kazi yake, hawezi kuona kifungo asikishike. Alikigeuza, akakipitisha kidole pembeni, akakitazama matundu yake kwenye mwanga wa mlangoni.

"Cheusi, matundu manne," alisema. "Nitajuaje? Vyeusi vimo kote."

"Kopo lipi lina vyeusi zaidi?"

"Jekundu. Hilo linajulikana."

"Basi hiki ni cha kopo jekundu."

"Si lazima."

"Kwa nini si lazima? Umesema mwenyewe jekundu ndilo lenye vyeusi zaidi."

"Kuzidi si kitu, hata la bluu lina vyeusi kibao, sasa kifungo kimoja utakijuaje kime..."

Akakigeuza tena mkononi. Nilikuwa na maneno mengine ya kutosha mwezi mzima, nikayameza yote. Nilirudisha makopo kwenye rafu. Yeye alibaki amekishika kile kifungo, na mpaka naondoka hakuwa amesema tena neno isipokuwa kunitakia safari njema. Wifi alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza anaonaje. Akasema mumewe amekuwa kimya, na yeye kimya chake hajawahi kukijua maana yake, kwa sababu hajawahi kukisikia.

Jumapili wageni walifika kwa wakati. Baba wa kijana alikuwa mpaka rangi wa majumba, amestaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Mama yake alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Kijana mwenyewe alikuwa amevaa koti la kijivu. Mpwa wangu aliingia na chai, na nilimwona akilitazama lile koti, uso ukamshuka. Kifungo cha katikati hakikuwapo. Uzi ulikuwa unaning'inia. Kwenye nyumba ya fundi cherehani, siku kama ile.

Kaka naye alikiona. Nilimfuatilia macho. Alisalimia vizuri, akauliza habari za safari, akamimina chai, lakini kila mara macho yake yalirudi kwenye ule uzi. Hakuna aliyejua atasema nini. Wifi hakujua, mimi sikujua, na binti yake aliyekaa karibu nami hakuwa ameonja chai yake.

Baba wa kijana akakohoa, akaweka kikombe chini. "Mzee," alianza, "sisi tumekuja kwa sababu hawa watoto wetu..."

"Subiri kidogo," kaka akasema.

Kaka aliinuka.

"Kijana, simama."

Kijana akasimama. Kaka alimwendea, akamweka mikono juu ya mabega, yote mawili, kama anavyowafanyia watu tangu nikiwa mtoto. Aliiacha mikono pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Mimi niliyatazama yale mabega pia. Yalikuwa mabega tu. Kisha mikono yake ikashuka kwenye koti, akaushika ule uzi, akauvuta, ukatoka.

"Lete koti."

Kijana akalivua. Kaka alipita kwenye pazia, tukasikia rafu, tukasikia vifungo vikigongana, akarudi na sindano iliyokwisha tungwa uzi. Alikaa karibu yangu, akalilaza koti magotini, akaanza kushona. Sindano iliingia na kutoka. Mama wa kijana alisema kwa sauti ya chini kwamba alimwonya mwanawe asije hivyo, na kaka akasema vijana ndivyo walivyo, hata huyu wa kwake humwoni akitengeneza pindo.

Kifungo kilikuwa cheusi, matundu manne. Sikuweza kujizuia. Nilimwinamia, nikamuuliza polepole asisikie mwingine.

"Umekitoa kopo lipi?"

Akakata uzi kwa meno. "Sikuangalia," alisema.

Kisha akainuka, akamvalisha kijana koti, akakifunga kile kifungo mwenyewe, akamgeukia baba yake.

"Haya, mzee mwenzangu," alisema. "Nimekukatiza. Ulikuwa unasema hawa watoto wetu."